Mgongo wa Kocha Taratibu

Waombolezaji, poleni na asanteni kwa kufika. Nasoma kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake, ambaye kaka huyu aliniachia ziwa.

Mliyemwita Kocha Taratibu alizaliwa tarehe 9 Juni 1971, mtoto wa tatu wa fundi bomba na mama muuza vitambaa, akasoma shule ya msingi ya jirani na nyumbani, kisha sekondari, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1989. Mwaka uliofuata aliajiriwa kubeba magunia ghalani, akayabeba kwa pupa, kiuno kikamlaza miezi mizima, na mtaalamu wa viungo aliyemwinua ndiye aliyemtia mapenzi ya mashine ya kebo, ile ya kuvuta vyuma kwa waya ukiwa umekaa.

Tangu Februari 1998 alifundisha katika ukumbi wa mazoezi ulio juu ya duka la matairi, mwanafunzi akae kifua mbele, magoti yamelegea kidogo, mpini uje kitovuni, viwiko visugue mbavu, naye akiweka kiganja katikati ya mabega yako na kusema, "Nibane mkono hapa, halafu rudisha taratibu, vyuma visigonge." Aliyejirusha nyuma kama anayeng'oa kisiki alipunguziwa uzito mbele za watu, awe bosi awe shemeji, maana uvutaji wa hovyo ulimtia kaka kichefuchefu cha kweli, hata chakula kisimpite.

Alifunga ndoa na mshonaji wa nguo zake tarehe 14 Agosti 1999, wakajaliwa mabinti wawili, ambao walikaa wima mezani watake wasitake.

Mwaka jana mwenye ukumbi alimwachisha kazi, eti anachelewesha wateja, na mwezi uleule madaktari wakaona saratani ya kongosho, iliyomchukua hospitalini tarehe 3 mwezi huu; kwa hiyo anayenong'ona huko nyuma kwamba vyuma ndivyo vilivyomuua, anyamaze.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, na walimu wenzake waliokuja kumgeuza kitandani. Mwenye ukumbi simshukuru. Asubuhi hii ametundika hapo kando ya kaburi bango la darasa jipya lenye jina la kaka, na chini ya jina kuna picha ya kijana aliyevuta mpini hadi kidevuni, mgongo umepinda, mabega yako masikioni, pamoja na namba ya simu ya kujiandikisha. Inatia kinyaa, na mjane ameniagiza niseme hivi: bango lishuke kwanza, ndipo jeneza lishuke, nasi hatuna haraka.

Bango likishang'oka, kaka, pumzika kwa amani.