Uchachu wa Shamba la Mama

Asubuhi hiyo Milanzi ilikuwa na baridi ya kuwasogeza watu karibu, hata benchi la kijiweni likabeba wanaume watatu na utani wao wote. Rhoda muuza kahawa, mwanawe mgongoni, alimimina kahawa, akaona Polikarp hanywi; amekikumbatia kikombe kama mtu anayeota moto. Juzi mtaalamu alipima udongo aliopelekewa na Polikarp kutoka shamba la mama yake, Mama Fransiska. Karatasi ikageuka nyekundu: tindikali. Jana Polikarp akabadilishana shamba na Abel, akapewa kipande cha bondeni. Mama alikuwa msibani kijijini Kate, hana habari.

— Umefanya la maana, alisema Lazaro, aliyeitwa Profesa kwa sababu aliishia kidato cha pili na hajaacha kukisimulia. Sayansi haina undugu.

— Tindikali ni nini? aliuliza Kalisti, fundi redio, jina lake la kijiweni Betri.

— Uchachu.

— Wa limau au wa maziwa ya mgando? Limau linanikunja uso, mgando namaliza kibuyu.

— Ndiyo maana ipo karatasi, mshikaji. Ulimi unadanganya.

— Na karatasi aliifundisha nani uchachu, kama si mtu mwenye ulimi?

Profesa akakohoa.

— Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na karatasi.

— Wahenga wa wapi hao? Wa kwetu walisema kibaya chajitembeza. Umeliona shamba la Mama Fransiska likitembea? Basi ni jema!

— Ulezi umekubali humo tangu niko mdogo, alisema Polikarp polepole.

— Ulezi haujui kusoma! alidakia Profesa. Ungeliona lile jibu, ungekauka kwa aibu.

— Kama tindikali ni ya kweli, alisema Betri, nachomeka nyaya mbili pale, Milanzi nzima inawaka taa.

Rhoda alitabasamu. Alimjua Betri: anapopayuka hivyo, anamtafutia mwenzake kicheko. Lakini Polikarp hakucheka.

— Kaka Polikarp, Rhoda aliuliza, udongo wenyewe uliuchota wapi?

— Kati ya matuta. Kwenye mfereji.

Nani Ufipa asiyejua ntumba, matuta yanayofukiwa majani ndani yaoze, kisha yapasuliwe kupandwa mvua zikija? Rutuba yote imo humo. Mfereji ni udongo uliobaki baada ya kukwanguliwa.

— Mbona hukuchimba ndani ya tuta? Rhoda aliuliza tena.

— Mama aliyainua mwenyewe, na mgongo wake ule. Nikaona vibaya kuyabomoa.

Rhoda akashindwa kumlaumu. Alitamani sana mwanawe naye siku moja ayaonee huruma matuta yake.

— Kumbe shamba moja, udongo wa aina mbili, alisema Profesa kwa sauti ndogo. Sasa jibu moja lilikuwa linausemea upi?

— Acha hayo, alisema Betri. Polikarp, mkimbilie Abel!

— Nimetoka huko. Ameshayapasua matuta yote. Nimemwacha anamwaga mbegu.

Hapo ndipo Mama Fransiska alipotokea, vumbi la safari bado miguuni, jembe begani. Alikuwa amepita nyumbani kulichukua.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu.

Betri alisimama kumpisha. Mama akaketi, akatazama mawingu yaliyojaa juu ya mji, kisha akamgeukia mwanawe kwa furaha.

— Polikarp, mvua hiyo inakuja. Tunaanza kupasua matuta ya upande upi?

Profesa alitazama viatu vyake. Polikarp akanywa kahawa yake iliyokwishapoa. Rhoda akachukua kikombe kikubwa kuliko vyote, akakijaza kahawa ya moto hadi ukingoni, ili mama akawie kukimaliza.