Kuku wa Mama Gaudiosa

Tangu gari litoke Chala, Edith alikuwa akikariri kwa sauti ya chini: mbwa alizoea kengele ikilia analetewa chakula, mwisho kengele peke yake ikamtoa mate. Kesho anarudia mtihani wa saikolojia aliofeli.

"Ndiyo mnayosomea chuoni?" akauliza Mama Gaudiosa, jirani yake wa kiti. "Kuku wangu nikigonga bakuli tu wanakuja mbio, hata likiwa tupu."

"Hao ni kuku, mama. Binadamu anafikiri kwanza."

"Haya, mwalimu."

Konda akagonga bodi, gari likasimama kumshusha mzee mmoja. Edith akajikuta amesimama, begi begani, na Sumbawanga anakoshukia hata haijaonekana.

"Kaa, mwanangu," akasema Mama Gaudiosa kwa upole. "Bakuli tupu hilo."