Mtaro Ulioitwa Kichaka

Habari za kuzaliwa kwa ndugu yangu Kiprugut Kibii, tunayemzika leo, alitusimulia shangazi yetu, marehemu Jemutai, Krismasi ya mwaka 1994, nami nikaziandika siku hiyo hiyo, kwamba alizaliwa hapa Elburgon tarehe 9 Mei 1956, siku ya mvua kubwa, akiwa mtoto wa pili kati ya watano.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa hadi darasa la saba mwaka 1971, akafanya kazi ya kupasua mbao hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1999, ndipo akahamia Free Area, Nakuru, akaajiriwa kutunza bustani za mji hadi alipostaafu mwaka 2016. Alimuoa Cheruto tarehe 14 Agosti 1982, wakajaliwa Sue na Kipyegon.

Mwaka 2018, maji ya barabarani yalipoingia nyumbani kwake mara ya tatu, yeye na majirani sita, wakiwemo Makhanu na Mama Waithera, aliyekubali kusogeza kibanda chake cha mboga, walichimba mtaro mpana, wakaupanda matete na nyasi ili maji yatulie na kuzama ardhini, na kwa miaka mitano hakuna nyumba iliyofurika, ingawa wapo waliolalamikia mbu na vyura, wakamuuliza kama anafuga nyoka, wakapaita Kichaka cha Kibii, naye hakubishana nao.

Jina hilo ndilo lililoleta hasara. Tarehe 16 Machi 2024, siku ya usafi, ilitangazwa kwamba vichaka vyote vifyekwe, na vijana wa mtaa, wakidhani wanatii, wakayang'oa matete hadi mizizi, yeye akiwa huku Elburgon kwenye matanga. Mwezi uliofuata maji yaliingia nyumba kumi na moja. Alianza kupanda upya, polepole, mara nyingi peke yake, hakumlaumu mtu, alisema tu kwamba amechoka.

Kifua kilianza kumsumbua Juni 2025, akalazwa mara mbili, akafariki tarehe 3 Novemba 2025 asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa bustanini, na majirani, pamoja na vijana wale waliofyeka, ambao walifika jana kutoka Free Area, wakalichimba kaburi hili bila kuombwa.

Matete ya mtaroni sasa yamefika kiunoni. Familia inaomba jambo moja, pale pasiitwe kichaka tena, paitwe mtaro. Pumzika sasa, ndugu yangu, mvua ikija tutaiangalia sisi. Kati ya wale saba waliouchimba, walio hai ni Makhanu na Mama Waithera, na wote wawili wako hapa.