Waya Wangu wa Pito na Maksai wa Mama Adelina

Wapendwa, jina la Bwana litukuzwe asubuhi hii! Nanyi mliotoka Pito, nisikilizeni vizuri, maana jambo hili lilitokea kwenu.

Ndugu zangu, miaka ile ya Ujamaa nilikuwa kijana kutoka Mbeya, fundi msaidizi wa simu hapa Sumbawanga mjini. Kifipa sikukijua. Nilipanga chumba kijijini Pito kwa mjane Mkatoliki, Mama Adelina. Siku moja redio ikatangaza mtihani wa kuajiri wahandisi wa mitambo ya simu. Nafasi chache, waombaji nchi nzima! Nikapiga magoti nikasema, Bwana, nifungulie mlango huu.

Mtihani ulikuwa na sehemu ya vitendo. Mkuu wangu wa kazi akanipa simu mbili mbovu za kufanyia mazoezi, nikazitengeneza, nikavuta waya kutoka chumbani kwangu mpaka kwenye ghala la mahindi la Mama Adelina. Kila jioni nilifungua, nikafunga, nikapima, nikapiga hesabu za umeme mpaka kichwa kikauma.

Basi watu wakaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Nikifika kisimani, mazungumzo yanakatika. Wengine wakasema huyu ni jasusi. Wengine wakauliza, mtu wa kuja anajifungia ndani, anaongea na nani? Shikamoo zangu zikaitikiwa kwa shingo upande.

Halafu mvua ikaja na radi. Maksai wa Mama Adelina akapigwa, akafa palepale! Ndugu zangu, mnajua radi ikiua huku Ufipa watu wanatafuta nini. Wanamtafuta aliyeituma.

Hofu ikaniingia. Mama Adelina akaniletea uji wa ulezi kama kawaida yake, nikauogopa. Nikawaza, huyu amepoteza maksai wake wa kulimia, ameweka nini humu? Nikaumwaga nyuma ya nyumba. Kila mlango uliofungwa nilidhani nyuma yake ninasemwa mimi.

Siku moja kabla ya mtihani, mgambo wakanikamata, wakanipeleka ofisi ya kijiji. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Kasiano, akasimama mbele ya mkutano.

"Ndugu, huo waya unaita nini?"

"Shikamoo mzee. Hauiti kitu. Najifunza kazi ya simu."

"Kazi ya simu iko posta. Kwa nini uje kuifanyia kwetu?"

Watu wakapiga kelele nifukuzwe, nyumba ichomwe. Nilieleza, hakuna aliyeamini. Nikaomba kimoyomoyo, Yesu, sina mtu hapa!

Ndipo Mama Adelina akainuka.

"Maksai aliyekufa ni wangu," akasema. "Mbona ninyi mnalia kuliko mimi? Ngurumo zilipoanza nilimwona kijana huyu anakimbia, akaukata waya wake akauangusha chini. Radi ilipiga mti, na maksai alikuwa amefungwa pale. Nendeni mkauone ulivyopasuka. Mtoto wa mtu simsingizii."

Mtu mmoja akafoka, "Amekulisha nini, mama?"

"Mimi ndiye ninayemlisha," akajibu, akaketi.

Haleluya! Wakaenda kuutazama mti. Mzee Kasiano akarudi amekunja uso. "Nenda kwenye mtihani wako," akaniambia. "Lakini waya utoke leo." Bado hakuniamini, ndugu zangu. Aliuamini mti tu.

Nilifanya mtihani ule, na Bwana akanipa kupita. Lakini kule Pito, Mama Adelina akabaki peke yake. Walimwita mshirika wangu. Msimu wa kulima ulipofika, hakuna aliyemwazima maksai hata mmoja. Nilipokwenda kumuaga nilimkuta na jembe la mkono, mgongo umepinda, nikalia.

Tukiwa tumesimama pale, Mzee Kasiano akatokea akiswaga maksai wake mwenyewe. Hakusalimia. Hakuomba radhi. Akafunga plau, akaingia shambani kwa mjane yule, akalima mpaka jua likawa kali, majirani wakitazama kutoka milangoni mwao.

Ndugu yangu unayesemwa vibaya leo, unayeogopa hata chakula cha jirani yako, mkabidhi Yesu jambo lako. Mimi sikuwa na ndugu Pito, naye akaninyanyulia mama. Njoo mbele, tukuombee.