Mwalimu Felisiani na Watoto Wanane wa Mkekani

Wasikilizaji wapendwa, kitu cha kwanza alichokiona Romana ni macho. Watoto wa nyuma waliimba herufi kwa nguvu kuliko wote, lakini macho yao yalikuwa chini, kwenye vidole vya miguu. Ubaoni hawakutazama hata mara moja.

Ilikuwa mwaka 1978, katika shule moja ya Ilembo, hapa Mpanda. Darasa la kwanza lilikuwa na watoto mia moja na wanne. Mwalimu alikuwa mmoja, Felisiani, ambaye leo tunamkumbuka. Romana alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliacha shule darasa la nne. Kazi yake hapo shuleni ilikuwa kupika uji na kuchota maji.

Siku ile alisimama mlangoni na ndoo, akasema kwa sauti ndogo mno, "Mwalimu, wale wa nyuma wanaimba tu."

Felisiani aliweka chaki chini. Alikuwa amechoka, na ilikuwa saa tatu tu asubuhi. "Unajua herufi, dada?"

"Hizo za ubaoni, najua."

Kesho yake alimwita kabla ya kengele. Akamwonyesha kazi moja. "Leo ni ba na be. Usiongeze kitu, na fimbo usishike." Kila asubuhi wakawa wanakaa hivyo, robo saa, kazi moja.

Wasikilizaji wapendwa, wengi wetu tungempa msaidizi wale wasiojua kitu, ili mwalimu apumue. Felisiani alifanya kinyume. Romana alisimama mbele ya watoto tisini na sita. Mwalimu mwenyewe alitandika mkeka nyuma, akakaa na wale wanane waliokuwa wakiimba tu.

Mwalimu mkuu alicheka. "Felisiani, darasa umempa mpishi, wewe umejichagulia mkeka?"

"Wanaojua, mpishi anawatosha," alijibu. "Wasiojua wanahitaji mtu aliyesomea kazi hii."

Watoto nao walimpa Romana jina. "Shikamoo, Mwalimu Uji!" Alificha uso kwa kanga, akaendelea na be.

Siku moja Felisiani alipatwa na homa. Romana akawaita wale wanane mmoja mmoja, akawasikiliza wakisoma. Mwalimu aliporudi, Romana aliona aibu kumwambia. Akaona ataonekana anamkagua mwalimu wake.

Mwezi wa saba akaja mkaguzi, gari likinguruma nje. Akamkuta mwalimu mkekani, na msichana ubaoni.

"Binti, umefika darasa la ngapi?"

"La nne."

"La nne! Na wewe mwalimu, umekaa chini. Hao wa nyuma wamejifunza nini?"

Felisiani aliinuka taratibu, akashika kiuno. "Nikisema mimi, Ndugu Mkaguzi, utaona najitetea. Muulize yeye. Ameona tangu mwanzo."

Mkaguzi alimgeukia Romana. Romana aliitazama chaki mkononi. Jibu alikuwa nalo. Nje, dereva akapiga honi.

"Nimeelewa," alisema mkaguzi, akaandika.

Baada ya wiki mbili barua ilifika. Msaidizi asiingie tena darasani. Mwalimu ahamie upande wa Ugalla. Romana akarudi kwenye ndoo zake. Felisiani akafundisha huko Ugalla watoto tisini peke yake, hadi homa ilipomchukua mwezi uliopita. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Mkewe, Mama Josefina, anatuambia, "Huko Ugalla alikuwa akirudi anakaa mlangoni, viatu hajavua. Nikimlaumu yule binti, ananikatiza. Anasema, 'Aliogopa. Hata mimi niliogopa.'"

Mama Josefina, tunakupa pole, wewe na watoto. Mungu amlaze mwalimu wetu mahali pema. Nanyi walimu mnaotusikiliza, pengine yuko mtu hapo shuleni mnayemtuma maji tu. Kesho kaeni naye robo saa. Mwulizeni ameona nini.

Romana hakuweza kuja studio. Alituletea karatasi, kwa mwandiko wake mwenyewe, akaomba tuisome kama ilivyo:

"Ndugu Mkaguzi, uliniuliza nikanyamaza. Kasimiri alikuwa anasoma. Matilda alikuwa anasoma. Anselmo, Getrude, Ponsian na Natalia, wote walikuwa wanasoma. Wawili walikuwa bado kidogo. Niliwasikiliza mimi. Mwalimu Felisiani ndiye aliyewafundisha."