Dakika Tisini za Mhandisi Mkuu

Mgeni rasmi, Bwana Mhandisi Mkuu wa Kampuni, Baba Padri, wazazi na vijana wa parokia ya Kilcarrow:

KUKUKARIBISHA

Padri aliagiza watu wote wasimame ukiingia. Wenzangu kumi wa mstari wa mbele waliobaki vitini hawakukosa adabu. Kusimama wanaweza, ila kuinuka kunachukua muda, na tuliambiwa una haraka. Mimi nimewahi kwa sababu nilianza kuinuka ulipokuwa bado garini. Karibu Donegal. Chai ipo, na mkate wa magadi ameoka mama wa mwenzetu Conal.

SISI NI NANI

Sisi ndio tuliochimba handaki lako chini ya mto, kule Uskoti. Mkubwa wetu ana miaka thelathini na mmoja. Kazi yenyewe unaijua, lakini wake zetu wamo humu na wengine hatujawahi kuwaeleza. Handaki hujazwa hewa ya presha kubwa ili maji ya mto yasiingie. Ukimaliza zamu hutoki tu ukaenda zako. Unafungiwa kwenye chumba cha chuma, presha inapunguzwa kidogo kidogo, ndipo mlango unafunguliwa. Ikipunguzwa haraka, mapovu yanafanyika ndani ya mwili, kama chupa ya bia iliyofunguliwa ghafla, na yanaziba damu isifike mifupani. Zamu yetu ilikuwa ya muda wa saa nane. Chumbani tulikaa dakika arobaini na tano, kwa mujibu wa jedwali lenye sahihi yako.

MAFANIKIO

Handaki lilikwisha kabla ya tarehe, na magari yanapita. Kwa upande wetu, mwenzetu Hughie amejifunza kuvaa soksi kwa koleo la jikoni. Wake zetu wamejua kukata udongo wa kinamasi tunaoukausha na kuuchoma kama kuni, kazi ambayo hapa ilikuwa ya wanaume. Padri ameturuhusu kukaa misani wenzetu wakipiga magoti. Na Kampuni imetuwekea ukumbini sakafu hii mpya ya dansi, uliyokuja kuifungua leo. Mbao zake ni nzuri kwelikweli. Tunakaa tunazitazama.

YALIYOTUPATA

Maumivu hayakuanza kule. Yalikuja miaka miwili baadaye, kwanza kwenye kinena, kisha mguu ukaanza kugoma. Daktari alipiga picha akasema kichwa cha mfupa wa paja kimekufa, pale kinapoingia kwenye nyonga. Owenie Gallen, yule mwekundu wa nywele pale mwisho, ana miaka ishirini na saba. Alimuuliza, "Kama kimekufa, nimwite Padri aje akizike, mimi nisubiri nje?"

Daktari hakucheka. "Nyonga za chuma tunawawekea wazee," akamwambia. "Wewe nikikuwekea leo, itachakaa ungali na nguvu zako. Rudi ukifika sitini."

Yaani miaka thelathini na mitatu ya kuchechemea, na mkewe ana mimba ya kwanza.

Hata hivyo, bwana, kuna linalouma kuliko nyonga. Machi moja, tukiwa bado tunachimba, ulishuka handakini na wageni wawili, mkakaa dakika ishirini. Aliyeshika koki ya kutolea hewa ya kile chumba siku hiyo ni huyu hapa, Conal Bonar. Msimamizi alimwambia, "Hawa watoe polepole. Dakika tisini. Wapelekee blanketi na chai."

Conal akauliza, "Na wenzangu je?"

"Aa, nyinyi mmeshazoea."

Kwa hiyo dakika tisini zilikuwepo. Kuna mtu alizijua, akazihesabu, akakupa wewe. Tuna hasira, na hatukuona sababu ya kuivisha tai kwa ajili ya leo.

Kosa letu nalo tuliseme wenyewe asije akatusemea mwingine. Siku za Jumamosi kule tulikuwa tunampigia Conal kelele: "Fungua, bwana, dansi linaanza, wewe unatulea kama mayai!" Akafungua zaidi. Kwa kelele zetu hata zile arobaini na tano hazikutimia. Tangu hapo Conal hajatutazama usoni, ingawa naye anachechemea kama sisi.

TUNALOOMBA

Nyonga hatuombi, zimeshakufa. Lakini handaki lako la pili linaanza mwezi ujao. Daftari la majina liko mezani kwako, na vijana ishirini na wawili wanangoja umalize hotuba ili watie sahihi. Wa kwanza kwenye foleni ni mdogo wangu Dinny, ana miaka kumi na tisa, na parokia nzima hakuna anayemfikia kwa kucheza dansi. Juzi nilimkataza kwenda.

"Nyinyi mliponzwa na haraka zenu," akanijibu. "Mimi nitatulia, kaka."

Atatulia! Kana kwamba koki ataishika yeye. Nikatoka nje nikalia.

Ombi letu ni moja. Hawa watoto wapewe dakika zako tisini, kila zamu, Jumamosi ikiwemo, hata wakipiga kelele. Tumekuandikia jedwali jipya. Liko chini ya bilauri yako ya maji, imebaki sahihi yako tu. Kalamu ya daftari usiitafute, ninayo mfukoni tangu asubuhi. Nikimaliza kusoma nitakuletea mwenyewe. Kutoka hapa hadi mezani kwako ni hatua kumi na mbili za sakafu mpya, nami nitachelewa kidogo, utanivumilia. Ukitia sahihi wewe, nitampa kalamu Dinny kwa mkono wangu. Usipotia, narudi nayo kitini.

Mungu akupe magoti ya kupiga mbele zake, na nguvu ya kuinuka tena bila kushikwa mkono.

Ni sisi,
Wachimbaji wa Chini ya Mto,
Kilcarrow, Donegal, Juni 1963.

Imesomwa na Condy McGeehan, akiwa amesimama.