Bi. Faudhia Abbasi na Utepe wa Bluu

Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Faudhia Abbasi anastaafu, baada ya kukitumikia kituo chetu cha michezo hapa Kibondo kwa miaka thelathini na mitatu. Aliajiriwa kama mpishi. Mchua misuli wetu alipohamia Kasulu bila kuaga, uongozi ulitafuta mtu mwingine mwenye mikono ya nguvu, ukamwona yeye, aliyekuwa akisonga ugali wa watu arobaini. Alipelekwa kozi, akarudi na cheti, na jikoni hakuonekana tena.

Mwaka 2016 alitoka semina Kigoma mjini na boksi la utepe wa misuli, ule wa kunata na kuvutika, unaobandikwa mwilini baada ya mazoezi ili maumivu yapungue. Wake ulikuwa wa bluu. Kwa kuwa haamini kitu kabla hajakijaribu, aliwakimbiza wachezaji kumi na wawili mlimani, kisha akawabandika mguu wa kushoto tu. Kesho yake kumi na mmoja walisema wa kulia unauma, wa kushoto mzima. Serge peke yake alisema yote mizima. Ilibainika hakukimbia, alijificha kwenye migomba.

Wiki iliyofuata aliwabandika ovyo kwa makusudi, wengine kwenye ugoko. Majibu yakawa yaleyale. Akaandika daftarini kwamba maumivu hupungua kidogo, nguvu haiongezeki, na huenda nafuu nyingine inatoka kichwani. Akawaeleza wachezaji. Nahodha Nestori akamjibu kwa adabu, “Mama, utafiti ni wako, lakini mguu ni wangu.” Tangu hapo hawakukubali kuingia uwanjani bila bluu. Kipa alidai abandikwe masikio.

Mwaka 2018 tuliwafunga wapinzani wetu mabao mawili kule Kasulu, nao wakakata rufaa kwamba utepe ule ni uchawi. Tungeshindwa kesi, timu ingetolewa kwenye ligi na Bi. Faudhia angefungiwa maisha. Alikwenda mbele ya kamati ya ligi na daftari lake, akalisoma ukurasa kwa ukurasa.

“Utepe huu haumfungii mtu bao,” alisema. “Hata kuponya, unaponya kidogo.”

Wachezaji wetu waliinamisha vichwa. Nestori alinyoosha mkono, akaiomba kamati isimsikilize mama, kwamba wao wako tayari kuitwa wachawi.

Kamati ilimsikiliza mama, ushindi ukabaki wetu. Mwenyekiti alifunga kikao, akapandisha suruali, akaomba abandikwe goti. Kocha wa Kasulu akapanga foleni nyuma yake, akiuliza kama kuna nyekundu. Bi. Faudhia alimweleza kila mmoja kwamba hautamsaidia sana. Kocha alisema anasikia nafuu tayari, na alikuwa bado hajafikiwa.

Kazi anamwachia msaidizi wake Consolée, ambaye amemfundisha kwa miaka minne kuchua, kubandika, na kusema ukweli hata mgonjwa akinuna. Kwa miaka yote ya kazi yake hakuna mchezaji aliyedanganywa na Bi. Faudhia, ingawa wengi walimwomba awadanganye, na baadhi yetu wa ofisini tulikuwa miongoni mwao.

Ahsante kwa mikono yako, Bi. Faudhia. Tunakuombea mapumziko marefu yenye afya na amani.